Kibali cha Mtu wa Pili

Katika kampuni ile ya majenereta kila mtu alimwita Shangazi, hata wale waliokuwa na shangazi za kutosha nyumbani kwao. Mkurugenzi alikuwa kaka yake, toka nitoke. Mhasibu alikuwa mdogo wao wa mwisho. Vijana wa ukoo nao walipitia pale kila walipomaliza shule, wakisubiri mambo makubwa zaidi. Jina likaanzia kwa vijana hao, likashuka kwa madereva, likatua kwa mlinzi wa getini. Shangazi hakulalamika. Mwanamke asiye na mume wala mtoto akiitwa Shangazi na watu wazima wenye ndevu zao, ana haki ya kuichukua kuwa heshima, naye aliichukua hivyo.

Kampuni aliianzisha baba yao kwa jenereta moja la kukodisha na tela la kuazima. Mzee alipofariki, jina lake lilikuwa limeshaandikwa ubavuni mwa malori, na watoto wake walikuwa wamelelewa kujua kwamba jina lile si rangi tu. Chini kulikuwa na uwanja wa zege uliolowa dizeli, mafundi wakijikunja juu ya mashine zilizovuliwa vifuniko. Juu, mwisho wa ngazi ya chuma iliyolia kila ikikanyagwa, kulikuwa na chumba alichokuwa akikitumia mzee mwenyewe. Humo ndimo Shangazi alimotengenezea programu za kampuni: ya kupokea maombi ya matengenezo, ya kufuatilia vipuri, ya kumpangia kila fundi safari zake.

“Shangazi, nasikia nawe una karakana,” mkuu wa mafundi alimwambia siku moja. Walimwita Mzee Nati, kwa kuwa mifuko yake haikukosa nati hata siku ya harusi. Alisimama mlangoni, hakutaka kuikanyaga sakafu kwa viatu vya grisi.

“Ninayo.”

“Iko wapi? Mimi naona meza na chupa ya chai.”

“Iko humu.” Shangazi akamgeuzia skrini. “Nafungua kivinjari kama mtu anayetaka kusoma habari, naandika nenosiri, karakana inafunguka. Spana zangu zote zimo. Pa kuandikia pamo, pa kujaribia pamo, na violezo vimo, ili nisianze kila kazi kwa kuchonga mbao. Kompyuta hii ikianguka ngazini, naazima ya mapokezi na kuendelea pale pale nilipoishia.”

“Na jengo lenyewe liko wapi?”

“Mbali huko. Kwenye seva za watu.”

Mzee Nati akashika kiuno. “Karakana kwenye kiwanja cha watu! Siku mwenye kiwanja akichoka je?”

Wakacheka wote wawili, naye akashuka.

Mwenye kiwanja alikuwa na masharti yake, na Shangazi aliyajua kuliko alivyoijua nambari ya simu yake. Kila kazi ilikuwa na chumba chake ndani ya karakana ile, na mtu akikifungua anachagua tangu mwanzo vifaa atakavyovihitaji, kwa sababu chumba cha kuundia kurasa si chumba cha kuundia hesabu. Kisichotumika hulala chenyewe. Na kisichofunguliwa na mtu kwa zaidi ya mwezi hufagiliwa, pamoja na vyote vilivyomo. Ndiyo maana mwenye busara hahifadhi kitu chumbani. Hufanya kazi humo, na jioni huipeleka kwenye ghala la pamoja, ambako kila toleo hutunzwa tangu siku ya kwanza.

“Chumba ni cha kufanyia kazi, ghala ni la kuwekea.” Maneno hayo alikuwa akiyasema yeye mwenyewe, akimfundisha Mkamwana.

Mkamwana alikuwa mke wa mtoto wa Mkurugenzi. Aliingia katika ukoo akiwa na shahada yake ya kompyuta na kicheko cha kusikika hadi uwanjani. Wengine walipokuwa bado wanamchunguza kama anajua kupika, Shangazi alikuwa ameshamvutia kiti juu kule. Baada ya muda mwanafunzi akampita mwalimu. Yeye ndiye aliyetengeneza sehemu iliyomwezesha fundi kufanya kazi mahali pasipo na mtandao, taarifa zikajituma zenyewe anapofika penye mtandao. Na yeye ndiye aliyeleta kanuni ya mtu wa pili: hakuna kitakachoingia ghalani mpaka mwenzako akisome na kukitolea kibali.

“Hata wewe, Shangazi?” aliuliza huku akiiweka kanuni ile kwenye mipangilio ya ghala.

“Hasa mimi,” Shangazi alijibu.

Basi wakawa wanasomana. Mkamwana aliandika maoni yake pembeni mwa kazi: “Hapa umeandika kama unayekimbizwa na mbwa.” Shangazi akajibu: “Mbwa mwenyewe ni kaka yangu, anataka ripoti.” Wakati mwingine mmoja alikuwa nyumbani na mwingine ofisini, wote wamefungua chumba kimoja kila mtu kwenye kivinjari chake, na vishale viwili vikitembea kwenye ukurasa ule ule kama kuku wawili wanaodonoa uwanja mmoja.

Kisha ndoa ikavunjika. Kilichowatenganisha ni chao wawili, na hapa hakitasemwa. Mkurugenzi aliwaita ndugu zake, akawaambia kwa kifupi kwamba mwanamke yule sasa ana njia yake, na kwamba kwa ajili ya jina la mzee hataki jambo hili lizungumzwe, wala nyumbani wala kazini. Watu wazima waliitikia kwa vichwa. Shangazi naye aliitikia. Hakupiga simu ya pole, hakupiga ya kwaheri. Alijiambia kwamba atasubiri joto lishuke, na joto liliposhuka akaona aibu ya kuwa amesubiri.

Juu kule kukawa kimya. Mwanzoni aliendelea kupeleka kazi ghalani kama kawaida, na kila aliyoipeleka ilikaa mlangoni na alama ya manjano: inasubiri kibali. Kibali cha nani, mfumo ulijua: cha Mkamwana. Kanuni ile ingeweza kuondolewa kwa kubonyeza mahali pamoja tu. Siku moja Shangazi alifungua mipangilio, akafika hadi kwenye kitufe chenyewe, mkono ukiwa juu ya kipanya. Kisha akaamka kwenda kuchemsha maji ya chai, na aliporudi akafunga ukurasa. Kuiondoa ilikuwa sawa na kutamka kwamba hapatakuja mtu. Kwa hiyo hakuiondoa. Akaacha tu kupeleka kitu ghalani. Kazi zikalala chumbani, na yeye mwenyewe aliyekuwa akihubiri habari ya ghala akawa anafunga kivinjari jioni na kwenda zake.

Programu za kampuni zina watu wawili daima: anayeomba na anayeidhinisha. Kuzijaribu kunataka watu wawili vilevile. Kwa fomu mpya ya picha za mita, Shangazi alifungua madirisha mawili, kushoto akawa fundi, kulia akawa msimamizi. Asubuhi nzima akajiomba na kujikubalia. Mara nyingine, ili kuona kama mfumo unapokea majibu ya kila aina, alijikatalia, na kwa kuwa mfumo ulidai sababu, akaandika: “Picha haionekani vizuri. Rudia.” Akahamia dirisha la kushoto, akasoma sababu ile, akarudia. Saa ya chakula alisikia vicheko vya mafundi chini, akala peke yake dirishani. Kwake, kwenye ghorofa ya kupanga, radio ya jirani ndiyo iliyokuwa ikimwambia kwamba siku imeisha.

Mama yao alipoanguka na kuvunjika nyonga, kaka na mdogo wake walikaa kikao kifupi.

“Wewe ndiye mwenye nafasi,” Mkurugenzi alimwambia.

Hakuuliza nafasi ile ilitokana na nini. Alifunga mzigo, akasafiri hadi kwa mama, akidhani ni suala la wiki mbili. Lakini nyonga ya mtu mzima haina haraka. Alimgeuza mama kitandani, akamwogesha, akambembeleza ameze dawa, akavumilia ukali wake.

“Ungekuwa na binti,” mama alisema siku moja, akitazama ukuta, “angekuja kukupokea ukapumzika.”

“Mama, inua mguu kidogo.”

“Nasema tu.”

“Najua unasema tu. Inua mguu.”

Kompyuta alikuwa ameiacha ofisini, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi hakuikumbuka. Mwenye kiwanja alituma maonyo yake kwa utaratibu, kwenye anwani ya barua pepe ya mfumo. Anwani ile katika kampuni nzima ilisomwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa kwa mama yake akipoza uji.

Alirudi siku ya Alhamisi, mwezi mmoja na zaidi umepita, mama akiwa ameshaanza kutembelea gongo. Mkurugenzi alimkuta katikati ya ngazi.

“Mama hajambo?”

“Hajambo. Anatukana vizuri.”

“Alhamdulillahi.” Mkurugenzi akacheka kidogo, kisha uso ukarudi kazini. “Sasa sikiliza. Jumatatu wanakuja watu wa hospitali. Wanataka kuiona ile fomu mpya kwa macho yao: fundi anapiga picha ya mita ya jenereta hata kama hakuna mtandao, inafika, inaidhinishwa. Wasipoiona, mkataba wanampa mwingine. Nimewaambia iko tayari.”

“Ilikuwa karibu kwisha nilipoondoka.”

“Ndiyo, na wewe ukaondoka.” Alisema bila ubaya, kama mtu anayesoma hali ya hewa. “Nimezungumza na kampuni moja ya nje. Wako tayari kuchukua mifumo yetu yote. Mtu mmoja ni hatari, dada. Ukiugua je?”

“Aliyeugua ni mama.”

“Ndicho ninachosema. Jumatatu ikienda vizuri, tutaona. Isipokwenda, nitawapa wao, na wewe upumzike.”

Akashuka. Ngazi ikalia chini yake hadi mwisho.

Shangazi akaingia chumbani, akafuta vumbi mezani kwa kiganja, akafungua kivinjari na kuandika nenosiri. Mahali palipokuwa na majina ya vyumba vyake palikuwa peupe, na katikati maandishi ya adabu: Huna chumba chochote. Ungependa kutengeneza kipya?

Alitoka, akaingia tena, kama mtu aliyekosea mlango. Peupe. Akafungua barua pepe ya mfumo, akakuta maonyo yamepangana: la kwanza, la pili, la mwisho. Akaenda ghalani. Kule kila kitu kilikuwa salama mpaka mwezi ule ambao Mkamwana aliondoka, na mlangoni kazi zake chache za mwanzo bado zimesimama na alama zao za manjano. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Fomu mpya, ile aliyojiomba na kujikubalia asubuhi baada ya asubuhi, haikuwa imefika ghalani hata siku moja.

Alikaa mikono mapajani. Chini, mtu aliwasha jenereta la majaribio, na vioo vya dirisha vikatetemeka. Angeweza kushuka kumwambia kaka yake ukweli. Kaka asingemgombeza, angemwonea huruma, na huruma ile ingemtoa katika chumba hiki polepole, kwa heshima zote, mpaka kwenye kiti cha wageni. Hapa ndipo pekee alipokuwa mtu mwenye kazi yake. Kwingine kote alikuwa mtu mwenye nafasi.

Kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyeijua kazi ile kutoka ndani. Nambari yake bado ilikuwa kwenye simu, imeandikwa vilevile: Mkamwana.

Simu iliita sana.

“Haloo?” Sauti ilikuwa ya uangalifu.

“Ni mimi.”

“Nimeona jina. Bibi yupo?”

“Yupo. Alivunjika nyonga, sasa anatembea. Sijapiga kwa habari ya msiba.”

“Basi umepiga kwa habari gani, Shangazi?”

Alimweleza. Alieleza kwa lugha ya kazi, moja baada ya jingine, bila kujitetea: chumba kimefagiliwa, ghalani hakuna toleo jipya, Jumatatu wageni. Upande wa pili vidole vilisikika vikigonga kibodi.

“Subiri kwanza,” Mkamwana alisema. “Bado naweza kuingia ghalani? Hamkunitoa?”

“Hakuna ajuaye kukutoa ila mimi.”

“Na hukunitoa.” Vidole vikaendelea kugonga, kisha vikanyamaza. “Shangazi. Hizi kazi hapa mlangoni. Mbona bado zinanisubiri mimi?”

“Kanuni ndivyo inavyosema.”

“Kanuni inaondolewa. Si ni kubonyeza mara moja tu?”

“Sikupata nafasi.”

Ilikuwa simu ya aina ambayo mtu husikia pumzi za mwenzake na asijue la kuzifanyia. Mkamwana aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

“Nijibu kitu kimoja. Kabla hujaenda kwa mama, ile fomu uliwahi kuipandisha kwenye seva ya majaribio? Hata mara moja?”

Shangazi akafumba macho. “Nilipandisha. Nilitaka Mzee Nati aione kwenye simu yake.”

“Basi haijapotea yote. Kilichofagiliwa ni chumba. Seva ya majaribio ni nyumba nyingine, haina ugomvi na mfagizi. Tutashusha kilichopandishwa, kurasa zimo humo karibu zote. Maelezo ya namna taarifa zinavyopangwa yamo pia. Hesabu za upande wa seva itabidi tuandike upya baadhi.”

“Nilikuwa natazama chumba tu,” Shangazi alisema. “Sikufikiria seva.”

“Mtu akiibiwa nyumbani hakumbuki alichomwachia fundi cherehani. Tengeneza chumba kipya. Chagua vifaa vyote mara hii, na cha kazi ya simu, usije ukakisahau. Ukimaliza nifungulie.”

Alisema “tutashusha” na “tuandike”, na Shangazi aliyasikia maneno hayo yote mawili, ila hakuthubutu kuyaegemea.

Walifanya kazi Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, jua likiwa juu, kila mmoja mahali pake. Mkamwana alitaka simu ikatwe, waandikiane tu. Kwanza aliziidhinisha zile kazi zilizokuwa mlangoni, moja baada ya nyingine, na alama za manjano zikageuka kijani. Chini ya kila moja aliandika neno moja: Sawa. Shangazi alizisoma zote, akitafuta mbwa, au kuku, au utani wowote. Ilikuwa Sawa, na Sawa, na Sawa. Ni haki yake, alijiambia. Kibali si kicheko.

Walishusha kurasa kutoka kwenye seva, wakazisafisha, wakaziweka chumbani. Mkamwana akaifufua sehemu yake ya kutuma bila mtandao na kuishona na picha ya mita. Shangazi akaandika upya hesabu za saa za mashine, na safari hii, kila kipande kilipokamilika, alikipeleka ghalani kabla hajanyoosha mgongo. Jumapili mchana walijaribu. Mkamwana akawa fundi, Shangazi akawa msimamizi. Ombi lilipotokea upande wake, akiwa hakuliandika yeye, alibaki akilitazama kwa muda kabla ya kulikubali.

“Imekubali?” Mkamwana aliandika.

“Imekubali.”

“Basi mimi naishia hapa. Kila la heri kesho.”

Akatoka chumbani kabla Shangazi hajamaliza kuandika ahsante.

Jumatatu mwakilishi wa hospitali alikuwa mama mmoja mhandisi, miwani kaiweka kichwani na hana muda wa soda. Aliipokea simu ya Mzee Nati, akauzima mtandao kwa mkono wake mwenyewe, akamrudishia.

“Piga picha. Usinipendelee.”

“Mama, jenereta hili halijui kupendelea mtu,” Mzee Nati alisema, akapiga. Mhandisi akawasha mtandao. Ombi likatokea kwenye skrini ya Shangazi, picha na saa za mita zikiwa zimesomeka. Mkurugenzi alipumua mpaka vifungo vya shati vikasogea.

“Vizuri,” mhandisi alisema. Akashusha miwani machoni, akamtazama Shangazi. “Umeitengeneza peke yako?”

Mkurugenzi akaanza, “Dada yangu huyu...”

“Namuuliza yeye. Maana mimi wagonjwa wangu wako kwenye mashine. Wewe ukiugua kesho, nani anaijua hii?”

Kampuni nzima ilikuwa imesimama pale kwenye zege: mafundi, mapokezi, mdogo wao mhasibu. Shangazi angeweza kusema kwamba wako mbioni kutafuta mtu. Lilikuwa jibu la kawaida, na lisingemuumiza mtu.

“Yupo mwingine anayeijua,” alisema. “Nusu ya hii kaandika yeye, na nusu yangu kaisoma kabla haijaingia. Ni mkwe wetu.”

Mdogo wake alitazama viatu. Mkurugenzi alikohoa. Lakini mbele ya mgeni, chini ya jina la baba yao lililo ubavuni mwa lori, mtu hasimami kukana mkwe.

“Hivyo ndivyo,” Mkurugenzi alisema mwishowe. “Mkwe wetu.”

“Basi sawa,” mhandisi akasema. Akataka mkataba uletwe.

Wageni walipoondoka, ngazi ya chuma ililia kwa hatua nzito. Mkurugenzi alikuwa hajaingia chumbani mle tangu alipofariki baba yao. Alisimama katikati ya chumba, akitazama kila kitu isipokuwa dada yake.

“Mkwe wetu yupi?”

“Unaye mwingine?”

“Umeniweka pabaya.”

“Ningekuweka pabaya kama ningesema uongo. Mwanamke yule hakulazimika, kaka. Angeweza kukata simu, na jina la baba leo lingekuwa mdomoni mwa watu wa hospitali.”

Mkurugenzi alichukua kifuniko cha chupa ya chai, akakigeuza, akakirudisha. “Watu wa nje nitawaambia wasubiri,” alisema. Alipofika mlangoni aliongeza, “Mwambie... mwambie tumeshukuru.” Akashuka haraka kuliko alivyopanda.

Shangazi alipiga simu saa ile ile. Alisimulia yote, tena kwa furaha ambayo hakuwa ameizoea kinywani mwake: mhandisi, miwani, Mzee Nati na jenereta lisilopendelea. Akafika kwenye neno alilolisema mbele ya watu. Akalisema tena.

Mkamwana alimwacha amalize.

“Mimi si mkwe wenu, Shangazi.”

“Najua. Nilitaka tu...”

“Najua ulichotaka. Ulitaka kunirudishia kitu. Lakini umenisemea bila kuniuliza. Siku ile mliponiondoa hamkuniuliza, na leo mnaponirudisha hamniulizi. Mimi nilikupa kazi yangu. Jina langu sikukupa.”

Shangazi hakutafuta neno la kujifunika. “Umesema kweli,” alisema. “Nisamehe. Na la zamani pia. Nilipaswa kupiga simu wakati ule.”

“Ulipaswa.”

Upande wa pili kulisikika bomba la maji likifunguliwa na kufungwa, sauti ya nyumba ambayo Shangazi hakuwahi kuiona.

“Kikiwa cha kazi,” Mkamwana alisema baadaye, “omba kibali, nitasoma. Mhandisi yule ana haki, wagonjwa hawana kosa. Na swali la kazi likikushinda, piga. Ila la ukoo usinipigie. Tumeelewana?”

“Tumeelewana.”

Akakata.

Kazi ikaendelea. Kila jioni Shangazi alipeleka ghalani alichokifanya, na kesho yake alikikuta kimesomwa, na neno ni lile lile: Sawa. Mafundi walizoea fomu mpya wakaanza kuilalamikia, ndiyo dalili ya kuwa imekubalika. Mama alipiga simu kuuliza ni lini atakwenda tena. Radio ya jirani ilibadilishwa stesheni.

Halafu ikaja Jumamosi moja iliyonyamaza kupita kiasi. Shangazi alikaa na simu mkononi, akatafuta swali la kazi. Alitafuta kwa uaminifu. Yote yaliyomjia alikuwa na majibu yake. Mwishowe akachukua moja lililokuwa na adabu.

“Haloo, Shangazi.”

“Swali la kazi,” alisema upesi. “Chumba kikilala chenyewe wakati sijamaliza, vile nilivyoandika bila kupeleka ghalani, nitavikuta?”

Lilikuwa swali la siku ya kwanza, swali ambalo yeye mwenyewe alimfundisha Mkamwana jibu lake, amekaa kwenye kiti cha pembeni, kikombe cha chai kikipoa.

Alisikia kiti kikivutwa, na mtu akiketi.

“Haya,” Mkamwana alisema taratibu, kama mwenye siku nzima mbele yake. “Tuanze mwanzo. Kwanza, chumba ni nini?”